Kivuli juu ya pano

Mtaa mmoja wa Bihambwe, katika Masisi, mashariki mwa Kongo, una nyumba sita. Watu wake wanalima maharagi na mihogo. Zamani walitumia tochi na mishumaa. Kisha wakachanga, wakanunua pano kubwa ya jua na batri. Pano inageuza mwanga wa jua kuwa umeme, na batri inautunza. Waliifunga pano juu ya paa la Mama Mukamurenzi, kwa sababu nyumba yake iko katikati.

Lakini kila jioni taa zilizimika mapema, watoto wakiwa bado wanasoma.

Mama Mukamurenzi alimshuku jirani yake, Papa Hakorimana, anayenyoa watu kwa mashine ya umeme. Jumapili moja, walipotoka kanisani, alisema mbele ya wote: "Ule muntu iko anatuibia umeme." Hakorimana aliwaacha palepale. Alikwenda nyumbani, akakata waya uliomletea umeme kutoka kwenye batri. Akaacha kunyoa, na hakumsalimia tena yule mama.

Taa ziliendelea kuzimika vilevile. Baada ya wiki mbili majirani walimwita Estelle, fundi wa umeme wa jua. Alifika asubuhi, akakaa mpaka alasiri. Kila saa alipanda ngazi na kupima umeme wa pano. Mwishowe alimwomba Mama Mukamurenzi apande aone mwenyewe. Kivuli cha mti wa mama huyo wa avoka, yaani parachichi, kilikuwa kimefunika kona ya pano.

"Ni kona tu," mama alisema.

"Kona moja ikifunikwa, pano yote inapunguza kazi," Estelle alijibu. "Kila siku, toka saa sita, batri haipate umeme wa kutosha. Hakuna muntu mwenye anaiba, Mama."

Mama alishuka polepole. Alisema ataukata ule mti, ingawa avoka zake zinalisha wajukuu. Estelle alimkataza. Alieleza kwamba inatosha kuhamisha pano mahali penye jua tangu asubuhi mpaka jioni. Walitazama nyumba zote sita. Paa moja tu lilifaa, nalo lilikuwa la Hakorimana.

Mama Mukamurenzi alikwenda kwake siku ileile. Aliwachukua majirani wote, maana alikuwa amemtukana mbele yao.

"Papa, nilikuita mwizi, na haikuwa kweli. Unisamehe. Tunaomba kuweka pano kwako."

Hakorimana aliuliza: "Taa zikizimika tena, mutasema ni miye?"

"Hapana. Tutaita fundi apime."

Hakorimana alikwenda kuleta ngazi.

Walihamishia pano kwake, wakaunga tena waya wake, na Estelle akaiinamisha pano kidogo ili mvua iteremshe vumbi. Aliwafundisha kuifuta kwa maji na kitambaa laini, asubuhi, kabla haijapata moto. Alimshauri Hakorimana anyoe mchana, jua likiwa kali, ili batri ibaki na umeme wa jioni.

Tangu siku hiyo taa ziliwaka hadi watoto walipomaliza masomo. Jumamosi iliyofuata, Mama Mukamurenzi aliwapeleka wajukuu wake wawili kwa Hakorimana, wakanyolewe.