Kishikwambi cha Shemeji

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi umeme, na mpaka leo hataki kumsikia shemeji yake.

Taa za karakana yao zilizimika, naye ikabidi ashuke stoo ya chini kutazama fyuzi. Tochi hana. Shemeji akampa kishikwambi chake.

“Mulika na hiki. Hakifunguki bila kuiona sura yangu, ila kioo kinawaka. Mlango nakushikia mimi.”

Akashuka, kioo amekielekeza mbele. Huko juu mlango ukafungwa, ufunguo ukazungushwa.

“Shemeji, ndiyo nini sasa?”

Kisha mbele yake, gizani, mtu akavuta pumzi. Kishikwambi kikalia tik, kikafunguka. Kilikuwa kimeiona sura ya mwenyewe.