Kiapo cha Sare za Kwaya

Zilibaki siku tano kabla ya uchaguzi, na mtaa mzima ulikuwa roho juu. Magari ya vipaza sauti yalipita asubuhi, yakapita mchana, yakarudi tena jioni. Lakini katika chumba cha mbele cha Mama Sindano, cherehani ilikuwa kimya.

Hilo halikuwa jambo la kawaida. Mama Sindano ni fundi wa nguo na mwimbaji wa kwaya. Hushona huku akiimba, na majirani wameshamzoea. Siku hiyo alikaa tu, akiyatazama majora mawili ya kitambaa cha buluu mezani. Mkasi ulikuwa unaning'inia msumarini, wiki nzima sasa.

Bibi, mama wa mume wake, alikaa mlangoni akichambua mchele kwa vidole. Macho yake yalikuwa yamefifia, anaona mwanga tu. Hata hivyo, hakuna jiwe lililompita.

"Mkamwana, umegombana na cherehani?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Nimechoka tu."

"Mtu amechoka kwa kukaa? Toka asubuhi unahema kama umepanda mlima."

Kabla hajajibu, walisikia hodi. Alikuwa jirani yao wa nyumba ya pili. Mtaani wanamwita Karani, kwa sababu kila uchaguzi hufanya kazi katika kituo cha kupigia kura. Mkononi alishika kizibao cha kazi.

"Shoga yangu, niokoe," alisema. "Hiki kizibao tunaenea wawili. Nipunguzie."

Mama Sindano alijikaza, akachukua utepe, akampima. Kisha akafungua daftari lake la vipimo ili aandike. Karani akachungulia.

"Kifua, kiuno, urefu," alisoma. "Na hii namba ndefu hapa mwisho? Nyonga za nani hizi, jamani?"

Alicheka mwenyewe. Mama Sindano hakucheka.

"Ni namba za kadi za kura," alisema kwa sauti ndogo. "Za wanakwaya wote ishirini na wanne."

Kicheko cha Karani kikakatika. "Nani kakwambia uziandike?"

Hapo Mama Sindano alishindwa kujizuia. Akayamwaga yote. Wiki mbili zilizopita, mpambe wa diwani alikuja kwenye mazoezi ya kwaya na majora yale. Akasema ni zawadi ya sare mpya. Wanakwaya wakapiga vigelegele, maana sare zao za zamani zimepauka hadi rangi haijulikani. Kisha mpambe akauliza, "Nani atasema kwa niaba ya wote?" Mama Sindano, kwa kuwa ndiye fundi, akajitokeza kifua mbele. Mpambe akamwekesha mkono juu ya Biblia. Naye akaapa kwamba kwaya nzima itampigia diwani kura.

"Halafu akaniambia, ukiwapima, andika na namba za kadi. Eti watajua kila mtu kampigia nani."

"Na wewe unamtaka huyo diwani?"

"Namtaka wa nini?" Mama Sindano aliinua sauti. "Si ndiye aliyefunga zahanati, eti inapakwa rangi? Miaka miwili sasa! Wamepaka mlango peke yake, na kufuli liko pale pale. Mwezi uliopita mwanangu kashikwa na homa. Nimembeba mgongoni saa nzima kwa miguu hadi hospitali. Nilidhani namzika."

Machozi yalimlengalenga. "Nikimpigia diwani, namkosea mwanangu. Nisipompigia, nimevunja kiapo mbele za Mungu. Basi nimeamua. Sipigi kura kabisa. Nitajifungia ndani nisali."

Bibi alibwaga ungo chini, mchele ukaruka.

"Ati nini?"

"Bibi, subiri kidogo," Karani alisema. "Nianze na ya kwangu. Dada, kura ni siri. Karatasi ya kura haina jina lako wala namba ya kadi yako. Ukishaitumbukiza kwenye sanduku, hata mimi ninayekaa pale siwezi kujua ni ipi. Mpambe hawezi. Diwani hawezi. Anakutisha tu."

"Kweli?"

"Nimehesabu kura chaguzi tatu. Sijawahi kuona karatasi imeandikwa Mama Sindano."

Kwa mara ya kwanza, fundi alitabasamu.

"La pili," Karani aliendelea, "zawadi ya kununua kura ni rushwa. Sheria inamkataza anayetoa, na inamkataza anayepokea. Virudishe vitambaa, tena mbele ya mashahidi. Kisha toa taarifa ofisi ya uchaguzi. Na kadi ya kura usimpe mtu, wala namba yake usiwaandikie watu wa kampeni. Lakini habari ya kiapo, mimi si mchungaji."

"Na mimi je, ni jiwe?" Bibi alidakia.

Wote wawili walimgeukia. Tangu macho yafifie, Bibi husomewa Biblia na mwanawe, mume wa Mama Sindano, ambaye ni mwoka mikate, kila anaporudi kutoka kazini. Vitabu vya Musa vimeshasomwa vyote mara tatu. Mwoka mikate hulalamika kwamba akiruka mstari, mama yake anamrudisha.

"Sheria ya Musa inasema usipokee rushwa," Bibi alisema, "kwa sababu inawapofusha hata wenye akili. Mimi nimepofushwa na uzee. Wewe umepofushwa na kitambaa cha buluu!"

"Nisamehe, Mama. Lakini kiapo?"

"Kiapo si mchezo, sikatai. Lakini sheria hiyo hiyo inamjua mtu aliyeropoka akaapa bila kufikiri. Haimwambii akazidishe kosa. Inamwambia aungame. Tena uliapia kura za watu ishirini na wanne. Nani alikupa? Kura yangu mimi ungeweza kuiapia?"

"Hapana, Mama."

"Basi. Na Musa alipoelemewa na kazi, aliwaambia watu wachague viongozi wenye akili wanaojulikana. Walitakiwa wawe wanamcha Mungu na wanachukia rushwa. Aliwaambia chagueni! Hakuwaambia jifungieni ndani."

 Mama Sindano alisimama, akaenda kumkumbatia mama mkwe wake pale pale katikati ya mchele. Moyo ulikuwa mwepesi, ila kazi ilikuwa bado. Maana sasa ilibidi awaambie wenzake.

Alikwenda jioni hiyo hiyo. Alisimama mbele ya kwaya na Mchungaji.

"Ndugu zangu, niliapa kwa midomo yenu bila ruhusa yenu," alisema. "Nilikosa. Naomba radhi kwa Mungu na kwenu. Kitambaa sijakikata. Kesho kinarudi. Na karatasi ya namba zenu, nimeing'oa daftarini, hii hapa."

Akaichana vipande vipande.  Mama mmoja wa sauti ya kwanza akashusha pumzi kwa nguvu.

"Afadhali! Mimi nilikuwa nimepanga kuugua siku hiyo."

"Na mimi!" mwingine akasema. "Nilishachagua hadi ugonjwa."

Kumbe wanakwaya saba walikuwa wamepanga kuugua. Walicheka hadi Mchungaji akapangusa macho. Asubuhi yake Mchungaji mwenyewe alibeba jora moja, Mama Sindano jingine. Walimrudishia mpambe mbele ya wazee wa kanisa, kisha wakaenda kutoa taarifa.

Siku ya uchaguzi, Bibi aliamka kabla ya wote. Alikuwa amevaa hadi viatu.

"Twendeni! Mnasubiri waje kutubeba?"

Kwenye foleni, kwaya nzima ilikuwepo, wazima wa afya. Bibi, kwa kuwa haoni, aliruhusiwa kuchagua mtu wa kumsaidia. Akamchagua mkamwana. Karani, ndani ya kizibao kilichomkaa barabara, aliwakumbusha: "Msaidizi anaweka alama pale anapoambiwa. Na anaitunza siri."

Bibi alinong'ona jina. Mama Sindano akaweka alama. Kisha ikawa zamu yake mwenyewe. Aliingia peke yake kwenye kibanda kidogo. Alikuwa makini kama siku ya kwanza kukata nguo ya bibi harusi. Akasoma majina yote, akaweka alama moja tu, ndani ya kisanduku kimoja. Akakunja karatasi, akaitumbukiza, akapakwa wino kidoleni. Alitamani kupiga kigelegele, ila alijizuia hadi mlangoni.

Nje ya lango, mpambe alimsogelea. "Fundi, kile kiapo unakikumbuka?"

Wiki iliyopita angezimia. Sasa alijibu kwa sauti ya kwaya, foleni nzima isikie.

"Nakikumbuka. Nimekitubu mbele za watu. Wewe rushwa yako umeitubu wapi?"

Watu waliangua kicheko. Mpambe akajitia kupokea simu, akatokomea. Nyumbani, mwoka mikate alimwuliza mama yake kampigia nani. "Muulize mkeo," alijibiwa. Mke akasema, "Mimi sijui kitu."

Diwani hakurudi madarakani. Aliyeshinda alikuwa mwalimu mstaafu, na baada ya miezi mitatu kufuli la zahanati lilikatwa. Kwaya iliimba siku hiyo ikiwa na sare zake za zamani. Mama Sindano alikuwa amezitia viraka nadhifu.

Diwani mpya aliwatazama kwa huruma. "Jamani, mnaimba vizuri. Niwaletee vitambaa vya sare mpya?"

"Sare tutashona wenyewe," alisema Mama Sindano, mwanawe akiwa mgongoni. "Wewe tuletee mkunga."

Wiki iliyofuata, mkunga alifika.