Kichupa Chenye Joto

Kila mkichoka na simu zenu mnanijia na hiyo ya mpima damu. Nimeshawaambia si hadithi ya kuchezea, na wenye kuota ovyo wasije kuniamsha mimi. Haya, nyamazeni basi.

Mpima damu alikuwa mtu wa peke yake. Wazazi walishatangulia, mke aliondoka na masanduku yake, akabaki na mdogo wake mmoja wa kike, basi. Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali, dirisha linatazama ukuta. Kazi yenyewe ilikuwa damu ya vichanga wagonjwa. Mimi niliyeishia darasa la tatu nimeielewa hivi: kichanga akiugua, damu yake hupata kutu kama msumari, na hewa ya mtungi anayopewa apumue ikizidi, kutu nayo inazidi. Mpima damu akitoa namba ya kutu, daktari anajua apunguze hewa au aiache. Ila matone hayo yanayotolewa kisiginoni hayamngoji mtu. Yanawekwa kwenye barafu papo hapo, yanazungushwa kwenye mashine kabla ya nusu saa. Yakikaa mezani yanaota kutu yenyewe ndani ya kichupa, na namba inakuwa ya uongo.

Siku moja mdogo wake, aliyekuwa mjamzito, alipiga simu. Mtoto amecheza tumboni. Mwanamume mzima akashika simu saa nzima, anachekea ukuta, anamchagulia mpwa wake jina. Alipogeuka, kichupa cha kichanga mmoja wa wadini kiko mezani, barafu kule. Angemwomba nesi amchome tena kichanga huyo kisigino, yangeisha. Akaona haya. Akaandika namba ya jana, ndogo, nzuri. Daktari akaiacha hewa kama ilivyo. Siku ya tatu mtoto akafa, na hakuna aliyemuuliza mpima damu neno.

Jumatatu asubuhi akakuta kichupa cha ziada kwenye barafu. Hakina lebo. Akakishika: kina joto, kama kimetoka kwapani mwa mtu.

"Sista," akamuuliza nesi wa vichanga, "nani kaleta hiki?"

"Wadi ina watoto wanne, nimeleta vichupa vinne. Umekunywa chai leo?"

"Nimekunywa."

"Basi kunywa tena."

Akakimwaga. Mchana kikarudi. Kesho yake ikaja harufu ya bati lililolowa, kwanza kwenye beseni, halafu kwenye koti lake, halafu mpaka kwenye mkate wake. Kisha mashine ikaanza kuzunguka, waya wake umelala sakafuni haujachomekwa popote, na ndani ya mvumo wake mna mlio mdogo wa kunyonya, kama mdomo unaotafuta ziwa na haulipati, na adhuhuri moja, jua kali, korido imejaa watu wanaopita na bakuli zao, akasikia stuli nyuma yake inalia kama imekaliwa, akasikia pumzi fupi fupi shingoni, za baridi, na sauti isiyo ya mtoto wala ya mtu mzima ikamwambia polepole, "Nipime."

Alikimbilia kwa mkunga mstaafu, bibi aliyezungumza na majini kama alivyozungumza na majirani, yaani kwa ukali.

"Hilo si la kufukiziwa moshi," bibi alisema alipokwisha kuelezwa yote. "Jini hilo hukaa palipofichwa damu. Kwa mama wa huyo mtoto aliyekufa unapajua?"

"Napajua, bibi. Nyuma ya hospitali."

"Sasa kwangu umefuata nini?"

"Mdogo wangu akisikia ataniona muuaji. Sina mwingine."

"Basi kaa nalo. Angalau mtakuwa wawili."

Akakaa nalo, wiki baada ya wiki. Ikafika mahali akifungua mlango analisalimia, maana hakuna mwingine wa kumsalimia.

Mdogo wake akajifungua kabla ya siku zake. Nesi akaleta kichupa, lebo ina jina la dada huyo. Mpima damu akakizika kwenye barafu. Kikawa na joto. Akaleta barafu mpya, joto. Akaomba damu nyingine, joto vilevile, na nyuma yake stuli ikalia.

Akatoka mbio. Mama wa yule marehemu alikuwa anaanua nguo. Akamwambia yote, amesimama juani.

"Ulikuwa unaongea na nani kwenye simu?"

"Na mdogo wangu. Alikuwa mjamzito."

Mama akakunja shuka moja mpaka mwisho.

"Amejifungua?"

"Ndiyo. Mtoto ni mgonjwa."

"Nenda kapime," mama akasema, akampa mgongo.

Aliporudi, barafu ilikuwa barafu. Nesi akachoma kisigino tena, namba ikatoka ya kweli, kubwa. Daktari akapunguza hewa, mtoto akapona. Mpima damu akayasema yote kwa daktari na kwa mdogo wake; kazi alifukuzwa, hilo dogo. Mdogo wake alilia, akamsamehe. Siku ya kutoka wadini akamwekea mtoto mikononi.

"Mshike, mjomba mtu."

Mtoto akabanwa pumzi, midomo ikageuka samawati. Dada akamnyakua, pumzi ikamrudia.

"Kaka, mbona mikono yako hivyo?"

Ilikuwa barafu, na haijapata joto tena, hata juu ya jiko. Mtoto sasa ana miaka saba. Mjomba akija hukaa kiti cha mlangoni, amevaa glavu, na mtoto humpungia mkono kutoka upande wa pili wa chumba.