Kodi ya Miezi Sita Mbele

Usiamini. Nakuruhusu kabisa. Wewe uliyesoma mpaka ukajua hewa ina uzito gani, kaa hapo na vyeti vyako useme majini ni hadithi za watu wasio na kazi. Mimi niliishia kidato cha pili, niliiacha shule ikiwa bado inanihitaji, na leo hakuna bati lililopigwa vizuri kutoka Mbinga mjini mpaka ufukwe wa Mbamba Bay ambalo halikupita mkononi mwa Nazari. Nazari ndiye mimi. Nyumba ninayotaka kukusimulia niliiezeka mwenyewe kwa siku tisa, na mpaka leo haijavuja hata tone. Hilo tu liamini. Mengine bisha, halafu nikupeleke ukalale humo mchana mmoja.

Mchana, nimesema. Usiku utalala vizuri tu. Jini wa nyumba ile anafuata saa za ofisi.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Aidan. Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa bohari Dar es Salaam, na miaka hiyo yote alipanga. Vyumba viwili Tandika, choo cha kuchangia na familia nne. Alipostaafu, mwenye nyumba wake alimpongeza kwa kumpandishia kodi, na akaitaka kama walivyozoea wenye nyumba wa kule, miezi sita mbele. Pensheni ilikuwa ikiingia Jumatatu, ikifika Ijumaa imeshakuwa umeme, maji ya ndoo na nauli ya kumpeleka mkewe, Mama Jacqueline, kupima presha. Mzee mwenyewe alinihadithia kwamba kitu alichokiogopa Dar hakikuwa vibaka wala mafuriko. Ni sauti ya kandambili kwenye korido, tarehe moja ya mwezi, pap, pap, pap, na funguo zikilia kiunoni kwa yule bwana. Mtu mzima na mvi zake alikuwa anazima redio na kubana pumzi, ajifanye hayupo.

Sasa huku kwao ufukweni alikuwa na boma. Kuta za tofali za kuchoma, hazina bati, zimesimama miaka kumi na minne na majani yameota sebuleni. Akachukua kiinua mgongo chote kilichobaki, akanipigia simu. Nikapiga bati, tukaweka madirisha, vigae chini, kuta rangi nyeupe kama kanisa. Mwezi wa sita wakashuka kwenye basi na magodoro yao na mtungi wa gesi. Binti yao, Jacqueline, alibaki Dar na kazi yake ya dukani.

Siku ya kuhamia alikuja Bibi Winifrida, dada mkubwa wa Mzee. Anakaa juu mlimani, nusu saa kwa pikipiki, lakini yeye alitembea tangu alfajiri na kigae cha chungu mikononi, ndani yake makaa ya moto yaliyofunikwa majivu. Huku kwetu nyumba mpya hailaliwi kabla ya kuwashwa moto uliotoka jiko la ukoo. Ni jambo la kawaida tu, hata mapadre hawalipingi. Vidole vya yule bibi vilikuwa vimeungua.

Mzee akacheka. Akamwambia, dada, hii nyumba ni ya gesi, moshi utaniharibia rangi. Akamwonyesha na jiko lenyewe, plate mbili, linawaka kwa kubonyeza. Nami nilicheka, nisikufiche, maana rangi ile nilisaidia kuipaka.

Bibi Winifrida hakununa. Aliangalia kuta, akaangalia bati, akasema, "Nyumba isiyo na moto wa ukoo ni ya yeyote, Aidan. Hasa iliyokaa wazi miaka kumi na minne." Kisha akageuka na makaa yake, akaupanda mlima.

Siku ya nne Mama Jacqueline alitoka ziwani kununua usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, akakuta mafiga matatu katikati ya vigae vya jikoni. Mawe meusi, ya zamani, na katikati yake majivu ya moto. Ukuta mweupe umepigwa masizi mpaka darini, na jiko zima lilinuka miba ya samaki iliyoungua. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye khanga yake. Akasema ni watoto wa jirani. Akatupa mawe nje, akasugua ukuta kwa sabuni. Kesho yake, saa saba mchana, mafiga yakawa yamerudi, na sufuria yake ya wali ilikuwa juu yake, ndani kimeganda kitu cheusi kinachonuka kama nywele.

Alhamisi ya wiki ileile Mzee alikuwa amejilaza baada ya ugali. Mkewe alikuwa nje anaanika dagaa wake. Mzee akasikia kandambili kwenye korido. Pap, pap, pap. Na funguo. Unajua alichofanya? Alizima redio. Ndani ya nyumba yake mwenyewe, mzee wa watu alinyoosha mkono akazima redio na kubana pumzi, kisha akakumbuka yuko kwao, akaanza kujicheka.

Sauti ikasema nyuma ya pazia, "Baba Jacqueline. Kodi."

Alidhani ni mimi. Nina sifa ya utani, sikatai. Akajibu amelala hivyohivyo, kwamba mwenye nyumba akamdai mwingine, yeye hela hana.

"Hela ni mambo yenu," ikasema sauti, bila haraka. "Mimi nachukua miezi. Sita mbele."

"Chukua basi, uondoke," akasema Mzee, akageukia ukutani, akalala.

Alipoamka alishindwa kufunga vifungo vya shati. Kucha zilikuwa zimetoka nje ya vidole kama pembe za mwana mbuzi. Ndevu alizonyoa asubuhi zilifika kifuani. Alikuwa na njaa ya mtu aliyefungiwa, akala dagaa wabichi juu ya kichanja huku mkewe anapiga kelele. Miezi sita ya mwili wake ilikuwa imeondoka kati ya saa saba na saa tisa, na yeye hakupata hata ndoto.

Nilimkatia kucha mwenyewe, kwa mkasi wa bati. Nilimtania kwamba sasa anaweza kucheza Krismasi kanisani bila kuvaa ndevu za pamba. Alicheka kidogo. Utani wangu siku hizo ulikuwa mzuri.

Wiki ya pili kodi ilipanda. Kandambili zilisimama upande wa kitanda alikolala Mama Jacqueline, na mara hii hakuulizwa mtu. Mwaka mzima mbele. Yule mama alikuwa amesuka Jumamosi, mistari myembamba, mizuri. Alipoamka misuko ilikuwa inaning'inia mabegani, na kutoka ngozi ya kichwa hadi pale misuko inapoanzia kulikuwa na shibiri nzima ya nywele mpya, na zote zilikuwa nyeupe. Alijishika kichwa mbele ya kioo, akaniuliza mimi, nisiye ndugu yake, kama bado ni yeye. Nikamwambia shikamoo mama.

Wakahamia barazani. Sauti ikawafuata barazani. Wakahamia chini ya kichanja cha dagaa, wakaweka turubai, ikasema bati linatupa kivuli hadi hapo na kivuli ni sehemu ya nyumba. Kila ilipokuja ilitaka zaidi, miaka miwili, miaka mitatu, na ilikuja na harufu ya ile miba iliyoungua, na watu wa ufukweni wakaanza kuzunguka kwa mbali wakienda ziwani.

Nilimshauri waondoke. Mzee, mwenye miaka sitini na moja kwenye kitambulisho na themanini usoni, alishapiga simu Dar. Chumba kimoja Tandika kilikuwa kimepita pensheni yake. Mbinga mjini nako, kwa sababu ya malori ya makaa ya mawe ya Ngaka na madereva wake, vyumba vilikuwa vimepanda. Alinivuta kwa mkono uliokauka, akaninong'oneza kana kwamba yule mwingine anasikiliza.

"Nazari, mwanangu. Nimezeekea kwenye nyumba za watu. Sitafia kwenye nyumba ya mtu. Mama Jacqueline nimemwahidi atafia kwake."

Basi nikamfuata Mzee Othmar, mganga wa Liparamba. Kijitu kidogo, dawa zake anaweka kwenye mfuko wa saruji, na njia nzima nyuma ya pikipiki yangu alikuwa analalamika kuhusu breki. Alipofika hakupiga ramli wala hakuchinja kuku. Alisimama jikoni, akanusa, akauliza swali moja tu.

"Moto wa kwanza humu aliwasha nani?"

Mtungi wa gesi ulikuwa pale kwenye kona, wa bluu, unang'aa.

Akatoa maagizo. Mzee Aidan na mkewe wayabebe majivu yale kwa mikono yao wayatupe ziwani kabla jua halijafika utosini. Jiko likae wazi, halafu uletwe moto wa dada, wa jiko lilelile. Usizimike njiani, wala usitue chini. Atakayeuleta ashuke nao hadi jikoni. Ukishika, yule atakuwa hana pa kudai. Usiposhika, au ukiwa moto mwingine, akasema, atahesabu amepewa nyumba mara mbili.

Pikipiki ilikuwa ya nani? Yangu. Wao wakashuka ziwani na majivu, mimi nikapanda mlima kwa dakika ishirini na tatu. Bibi Winifrida alinijazia makaa kwenye kopo nililokuja nalo, lilelile la rangi nyeupe ya nyumba, akayafunika majivu, akalifunga kwa waya kwenye usukani. Nikashuka. Nikafika. Nikaingia nalo jikoni bila kulitua, moto ukawashwa kati ya mafiga, ukashika kuni, moshi ukapanda kwenye rangi yetu nyeupe na safari hii Mzee Aidan akaushangilia. Mama Jacqueline akasonga ugali juu yake, tukaula kwa samaki wa mbasa. Saa saba ikapita. Kimya. Saa nane. Hakuna kandambili.

Mzee Othmar hakula. Alichutama mbele ya moto muda mrefu, akaninyanyulia macho.

"Huu ni moto wa Winifrida?"

"Ndiyo, mzee."

Akaniuliza tena. Nikajibu tena. Akafunga mfuko wake wa saruji.

Kesho yake nilikwenda kuchukua ngazi yangu, saa tisa hivi, jua kali, ziwa limetulia kama sahani. Nilipiga hodi mara tatu. Kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ya mwanzo walikuwa wamelala ndani, chumbani, kitandani kwao, na mlango wameuacha wazi kama watu wasiomuogopa mtu, na mlangoni kulikuwa na jozi ya kandambili zilizolika visigino ambazo hazikuwa za Mzee, nikazivuka, maana mimi siogopi, nikaingia kwenye ile harufu, nikavuta pazia, nikaona kitanda kimefunikwa na kitu cheupe nikadhani ni chandarua kimeanguka, nikakishika ili nikiinue, kikawa laini, kikawa kinaendelea, kinashuka kitandani na kutambaa kwenye vigae mpaka miguuni kwangu, na nilipokifuata kwa mikono mpaka juu nikafika kwenye vichwa viwili vidogo kama vya watoto, ngozi imekauka juu ya mfupa, wameshikana mikono, na kucha zao zilikuwa zimekua zikapindana, za Mzee na za mkewe, zikasukana kama kikapu, hivi kwamba siku ya kuzika hatukuweza kuwatenganisha na fundi akatakiwa kutengeneza jeneza moja pana.

Nyuma yangu, kwenye korido, funguo zililia. Mlango wa mbele ukafungwa, polepole, kama mtu anayefunga chake. Nilitoka kupitia dirishani.

Muuguzi aliandika uzee. Miaka sitini na moja, na mkewe hamsini na tisa. Uzee.

Sasa utasema dawa ya Mzee Othmar ilikuwa ya uongo, na watu wote wa ufukweni wanasema hivyo, wamemzomea mpaka haji tena huku. Na mimi nimekuwa nikiwaunga mkono.

Kuna kipande nimekiruka. Kutoka kwa Bibi Winifrida kushuka, pale njia panda pana meza ya pool. Jamaa wa pale walikuwa wanasema hakuna wa kunifunga, na wasingesema hivyo ningepita. Nilicheza michezo mitatu. Nilishinda yote. Nilipolirudia kopo lilikuwa limepoa, makaa yamezimika. Kurudi mlimani ilikuwa dakika kumi na tano, na jua lilikuwa limekaribia utosini, na Bibi yule angeniangalia kwa yale macho yake. Nikanunua kiberiti cha gesi cha mia tano, nikaokota mkaa kwenye jiko la muuza chipsi, nikauwasha nyuma ya duka lake, nikaufunika majivu yaleyale. Moto ni moto, nilijiambia. Ulishika kuni vizuri sana.

Jacqueline alinipigia juzi kutoka Dar. Mwenye nyumba wake amempandishia, anataka mwaka mzima, na yeye ana mtoto mchanga. Anataka kurudi akae kwenye nyumba ya baba yake. Aliniuliza jambo moja, kwa sababu shangazi yake amemwambia aniulize mimi niliyeubeba: moto uliowashwa mle ndani, ulikuwa wa ukoo?

Nimemwambia ndiyo. Ningemwambia nini, na kijiji kizima kinanijua? Anapanda basi Ijumaa.