Niliinua Mkono, Kizibo Kikiwa Mfukoni

Nina umri wa miaka thelathini na sita. Ni fundi wa kushona, mzaliwa wa Mwanza mjini, na sina mke. Nilikuwa naye, akaondoka, na tafadhali msimlaumu. Mkimaliza kusoma haya mtasema alichelewa kuondoka!

Nayaandika kwa mkono wangu wa kulia. Nautaja mkono huu makusudi... mtaona kwa nini.

Baba yangu alikuwa fundi wa mahema na maturubai. Nilipofika miaka kumi na tisa, enzi za Mwingereza, nilipata kazi ya kushona matanga katika klabu moja ya mashua pale ufukoni. Klabu ilikuwa ya Wazungu watupu. Kila Jumapili walishindana kwa mashua ndogo za mbao, wakizunguka maboya matatu. Sisi kazi yetu ilikuwa kuzisukuma majini, kuzivuta mchangani na kusema "ndiyo bwana".

Hapo ndipo nilipokutana na Hamisi. Alikuwa Mkerewe, mtoto wa mchonga mitumbwi, kaajiriwa kupaka rangi na kutunza mashua. Mcheshi huyo! Alimpachika kila Mzungu jina. Katibu wa klabu, mtu mrefu mwenye miwani minene, Hamisi alimwita Bwana Darubini, na jina likashika mpaka jikoni.

Sasa, mashua ile upepo ukiwa mkali hulala upande mmoja. Mmoja hushika usukani, na mwenzake hukaa ukingoni, akaegemea nje juu ya maji ili chombo kisipinduke. Siku za upepo mwanana Wazungu walikwenda na wake zao. Siku za upepo mkali... walituchukua sisi! Tulijiita Mawe, maana walichotaka kwetu ni uzito tu. "Leo umekuwa jiwe la nani?" Hamisi aliniuliza kila Jumapili, tukacheka.

Lakini tulikuwa na macho. Miaka ile yote tulitazama mikono ya wenye usukani. Katikati ya wiki Bwana Darubini alituruhusu kujaribu mashua zilizotoka matengenezoni, na mimi ndiye niliyemfundisha Hamisi kuutambua upepo kwa kutazama tanga. Hilo liwekeni akilini, maana ndilo lililoniponza.

Hamisi akamwoa mdogo wangu, Zuhura. Baba alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwozesha. Nilifurahi mno siku ile. Rafiki yangu amekuwa shemeji yangu, ningetaka nini tena?

Niwaeleze jambo moja la kazi yetu, maana bila hilo hamtanielewa. Kila mashua ilikuwa na masanduku mawili ya hewa yaliyojengwa ndani yake, kushoto na kulia. Hayo ndiyo yaliyoifanya ielee hata ikipinduka. Kila sanduku lilikuwa na tundu, na kila tundu na kizibo chake cha shaba. Mashua ikirudi mchangani tulitoa vizibo ili masanduku yakauke. Kabla ya kushuka tena majini, mtu wa nchi kavu alivirudisha, akavikaza, kisha akainua mkono wa kulia. Mwenye usukani akiuona mkono ule alikwenda zake. Hakutazama tena, kwani mikono yake ilijaa kamba na chombo kilikuwa kinamvuta.

"Shemeji," Hamisi alikuwa akiniambia, "nikiona mkono wako sina haja ya kuinama."

Uhuru ukaja. Tuliimba, tukacheza ngoma hadi sauti zikakauka! Klabu nayo ikaona aibu, nadhani. Wakakata shauri kwamba katika mashindano ya Jumapili moja, mashua moja itaongozwa na Mwafrika. Hatakuwa jiwe. Atashika usukani!

Wakamchagua Hamisi.

Wasomaji wenzangu, nisiwafiche. Roho iliniuma hadi chakula kikanishinda. Nani alimfundisha? Nani alitangulia pale klabuni? Mtaa mzima ulimpongeza yeye. Kinyozi wangu, mkasi ukiwa sikioni mwangu, akaniuliza, "Na wewe mbona hawakukuona?" Nilitamani nimtemee mate!

Hamisi aliona nimenuna. Akaniambia, "Shemeji, acha kununa bwana. Ngoja Jumapili ifike, utanielewa." Alisema huku anacheka. Mimi nikaona ananidhihaki.

Jumapili ikafika. Watu walijaa ufukoni, wengi wao hawakuwahi kukanyaga mchanga ule isipokuwa wakibeba mizigo. Zuhura alikuja na kanga mpya, mimba yake miezi saba. Jiwe la Hamisi siku ile alikuwa Leonce, Mhaya mmoja mnene, karani, mtu wa watu.

Nikainama kwenye mashua. Kizibo cha kushoto nikakikaza. Cha kulia... nikakitia mfukoni.

Nilifikiri nini? Nilifikiri sanduku litajaa maji polepole, mashua izembee, awe wa mwisho, watu wamcheke. Boti ya mota ya kuokoa watu ilikuwepo. Nilitaka aaibike, basi! Naapa sikutaka zaidi ya hapo. Lakini kiapo changu mimi kina thamani gani kwenu?

Hamisi aligeuza shingo. "Shemeji?"

Nikainua mkono.

Akacheka, mwanya wake wa meno ukaonekana, akaenda.

Na akaongoza! Boya la kwanza, yeye mbele. Zuhura alinivuta shati, "Kaka, unaona? Unaona mume wangu?" Nilikuwa naona. Nilikuwa naona pia kwamba mashua inaanza kuinama upande wa kulia. Nilikuwa na nafasi, jamani! Mwenye boti ya mota alikuwa amesimama hatua kumi tu kutoka nilipo. Ningemwita kwa jina lake, angekwenda. Nikajikausha, mkono mfukoni, nakigeuzageuza kile kizibo.

Wingu jeusi likatokea upande wa Sengerema. Mnaokaa kando ya ziwa hili mnajua upepo wake usivyobisha hodi. Mashua nne zikapinduka kwa mpigo. Tatu zikaelea ubavu, watu wakazishikilia, wakaokolewa. Ya Hamisi iliinua mdomo juu, ikazama nyuma kwanza. Leonce aliruka. Hamisi mguu wake ulikuwa umenaswa na kamba ya tanga... tanga nililolishona mimi.

Walimtoa baada ya saa nzima. Zuhura alikaa mchangani, akamfuta uso kwa ile kanga mpya, akimwambia aamke waende nyumbani.

Mashua ilipovutwa nchi kavu, tundu la kulia lilikuwa wazi. Bwana Darubini alinijia, miwani mkononi, macho mekundu. Akaniuliza kama nilivifunga vizibo.

Nikajibu, "Alisema atafunga mwenyewe."

Maneno matatu tu! Nimemuua mara ya kwanza kwa kijicho, mara ya pili kwa maneno matatu.

Bwana Darubini akatikisa kichwa. Kisha akanieleza jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Mashindano yalikuwa ya mizunguko miwili, wa asubuhi na wa alasiri. Hamisi alikuwa amekataa kushiriki hadi wakubali kwamba alasiri usukani utakuwa wangu, na yeye atakaa ukingoni awe jiwe langu. Aliomba nisiambiwe. Alitaka kunishtukiza.

Ningesema pale pale, sivyo? Mtu mwenye haya angesema! Mimi niliinamisha kichwa, na watu wakanipa pole.

Klabu ikaandika katika daftari lake kwamba marehemu alizama kwa uzembe wake mwenyewe. Wazungu wengine wakanong'ona kwamba wameharakisha mno kumpa Mwafrika usukani. Na wetu pia, mtaani, walisema hivyo hivyo! Hamisi, aliyekuwa akikagua kamba hata za mashua zisizo zake, akawa mfano wa mtu msahaulifu.

Mama yake alivuka kutoka Ukerewe kuja msibani. Hakulia mbele yetu. Aliuliza swali moja tu. "Mwanangu kazaliwa kati ya mitumbwi. Anaanzaje kusahau tundu?" Watu wakamtazama kwa huruma, wakidhani ni uchungu wa mzazi. Nami nikamtazama vilevile.

Zuhura akajifungua mtoto wa kike, akamwita Mwanahamisi. Nikawalea. Nilileta unga, samaki, nguo. Zuhura aliniambia, "Kaka, Mungu akulipe." Mke wangu naye, siku moja akitafuta sindano, akakikuta kile kizibo katika kopo langu. Akaniuliza ni cha nini, nikamfokea mno. Wiki ile ile akarudi kwao Magu, na hakumwambia mtu alichokiona. Tangu hapo kizibo nikawa natembea nacho mfukoni.

Sasa sikilizeni kilichonivunja.

Mwanahamisi alipofika miaka mitano, nilikwenda kwao mchana mmoja. Mama yake alikuwa amezima jiko. Yule mtoto akainuka, akachungulia makaa. Akaketi. Akainuka tena, akachungulia. Akaenda kukagua kifuniko cha mtungi, kisha komeo la mlango, kisha akarudi jikoni. Nikauliza ana nini. Zuhura akasema, "Ndivyo alivyo. Nilimwambia baba yake alikufa kwa kusahau, na yeye asije akasahau."

Mtoto akaniangalia kwa wasiwasi. "Mjomba, na wewe mlango wako umefunga?"

Nikaketi sakafuni, nikatoa kizibo mfukoni, nikakiweka mbele ya dada yangu. Yeye akamtuma mtoto kwa jirani, kisha nikasema yote.

Hakupiga kelele. Nilitamani apige! Alisema, "Miaka mitano nimemtukana mume wangu kaburini. Nilimwambia, Hamisi, umetuacha kwa uzembe wako. Miaka mitano! Chukua hicho kitu chako, ukampe mama yake. Na mimi usiniite dada tena."

Nikavuka kwenda Ukerewe. Mama Hamisi alikuwa amezeeka, anapepeta mtama uani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Akaniita mwanangu! Nikapiga magoti, nikasema, nikampa kizibo.

Alikigeuza kiganjani. Nikangoja anilaani. Akaanza kutabasamu, jamani, machozi yakimtoka anatabasamu. "Nilijua," akasema. "Mwanangu hakusahau." Akainuka, akaenda mlango hadi mlango kwa majirani, akikionyesha. "Hamisi wangu hakusahau! Tazameni!" Hakunitazama tena. Nikaondoka peke yangu.

Polisi nilikwenda kwa miguu yangu. Kifungo nilichopewa nimekitumikia, sina malalamiko. Katibu mpya wa klabu, Mwafrika mwenzetu, alifuta yale maneno katika daftari, akaandika ukweli, na jina langu likiwa ndani yake.

Wasomaji wenzangu, wivu nyote mnaujua, siwezi kuwafundisha. Nawaomba jambo moja. Ukiona mwenzako amepewa ulichokitaka wewe, mwendee umwambie, "Imeniuma." Mwambie tu! Mgombane, mtukanane, mnuniane mwezi mzima. Mimi ningemwambia Hamisi ningejibiwa, ningejua, na leo angekuwa hai. Na kama umekwisha kutenda ubaya, usimwachie marehemu aubebe. Sema siku ile ile. Mimi nilingoja mpaka mtoto mdogo akashindwa kukaa kwa raha ndani ya nyumba yao.

Sasa nashona magunia Kirumba. Zuhura hupita barabara ya mbele na hageuzi uso. Nimezoea... hapana, naongopa, sijazoea.

Juzi walipita wote wawili. Mwanahamisi amekuwa mrefu, ana mwanya wa meno kama wa baba yake. Sijui ameambiwa nini. Mama yake alitangulia, yeye akageuka, akaniona mlangoni. Akainua mkono wa kulia kunipungia, akangoja.

Nilitaka kumjibu. Wallahi nilitaka! Mkono ukakataa kunyanyuka.