Ukimya wa Chumba cha Nahodha

Jua lilikuwa linazama mwongozaji aliponituma stoo nikachukue kanda ya ukimya. Ndiyo, ukimya. Sisi mafundi sauti, tukio likishapigwa, huomba watu wote wasimame kimya dakika moja turekodi chumba, maana kila chumba kina ukimya wake, na bila huo maneno yaliyokatwa hayaungani vizuri. Sehemu hii ya nne nzima ya tamthilia yetu, mwongozaji alininyima hiyo dakika. “Tukae turekodi hewa? Tuna haraka!” Sasa maneno yanarukaruka, na lawama zote ni zangu. Yalikuwa yamenifika shingoni.

Tamthilia yetu inasimulia ujana wa nahodha wa chombo cha anga, kabla ya visa vya ile tamthilia ya zamani iliyopendwa sana. Nahodha kijana anachezwa na mdogo wangu, wa tumbo moja. Mimi ndiye niliyempigania apate kazi. Seti ni ileile ya zamani, kiti ni kilekile.

Mzee aliyemwigiza nahodha katika ile ya zamani alifia kwenye kiti hicho. Alikata roho ndani ya dakika ya ukimya, watu wote wamesimama kama magogo. Hakuna aliyejua mpaka fundi aliposema, “Asanteni.”

“Tumia ukimya wa siku ile,” mwongozaji alisema. “Chumba si kilekile?”

“Bosi, kanda ile si ya kuchezea.”

“Wewe ni fundi au mganga?”

Nilimeza hasira nikaenda. Kanda ilinuka poda ya uso, kana kwamba mtu ametoka kupakwa sasa hivi.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kitini, hatua kumi kutoka mezani kwangu, akingoja kurudia sentensi moja. Nilivaa hedifoni, nikauweka ule ukimya chini ya maneno yake tuliyokwisha kurekodi.

Mvumo wa taa...

Halafu pumzi.

Ndani... nje... Ndani... nje...

Ndani.

Haikutoka.

Niliinua macho. Mdogo wangu alikuwa ameshika kifua, mdomo wazi, hapumui. Nilizima mashine kwa pupa. Pumzi ikatoka... lakini kinywani mwake yeye, ndefu, ya kizee. Harufu ya poda ikajaa chumbani.

Kisha akasema sentensi yake, kwa sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwetu.

“Hiyo!” Mwongozaji alipiga makofi. “Siku zote ulikuwa wapi? Kesho tunaanza sehemu ya tano!”

“Sehemu ya tano gani? Humwoni alivyo?” nilifoka. “Huyu si mzima!”

“Fundi, usituharibie. Hatimaye tumempata nahodha.”

Niliifuta kanda yote. Haikusaidia kitu. Nilijilaani. Nilijua ni kosa, na bado nilibonyeza kitufe.

Nikamwendea mdogo wangu, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

“Inuka, twende. Mama anatungoja.”

Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mfanyakazi asiyemjua. Akaniinamia sikioni.

“Samahani, fundi... yule kijana aliyekuwa amekaa hapa, ni ndugu yako?”

Niliuachia mkono wake.

“Ana adabu sana,” alinong'ona. “Amenipisha bila ubishi.”