Namba Nyuma ya Taa

"Usiifungue hiyo taa!"

Mume wangu alipiga kelele mpaka watoto wetu mapacha wakaacha kucheza. Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu na skrubu mbili zilishatoka...

Jamani, mwenzenu nilidhani anaogopa gari jipya lisichubuke. Nikacheka. Nikatoa skrubu ya tatu.

Taa ikachomoka. Nikaigeuza.

Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wangu!

Ngoja niwaeleze kazi yangu, maana bila hiyo hamtanielewa. Mimi ni fundi wa kuchora namba za magari kwenye taa na vioo vya pembeni. Ukinunua gari unaniita, nakuchorea namba yako, mwizi akiiba kifaa asipate pa kukiuza. Nawafuata wateja walipo, na kila mmoja namwandika daftarini: jina, aina ya gari na mahali linapolala.

Ila nina ujanja wangu mmoja ambao sijawahi kumwambia mtu, hata ninayelala naye. Kabla sijarudisha taa au kioo, nakigeuza na kuandika kwa nyuma namba ndogo ya mteja, ile ile ya daftarini. Wezi wanajua kusugua namba ya mbele. Ya nyuma hawana habari nayo.

Sasa, gari hili Baba Pacha aliniletea zawadi wiki hiyo hiyo. Ana duka la spea, na mdomo anao.

"Hili halijaguswa na fundi wa hapa!" alijitapa mbele ya majirani. "Limetoka kiwandani, limepanda meli, limeshukia mikononi mwa mke wangu!"

Mama mwenye nyumba alilizunguka mara mbili, akauliza mbona mbele ni la mwaka huu na nyuma ni la enzi za ujana wake. Baba Pacha akamwambia huko nje ndivyo wanavyoyaunda siku hizi. Tukamcheka mama wa watu.

Na mimi, fundi wa namba, ningeendeshaje gari ambalo sijalichora? Ndiyo maana nilishika bisibisi.

Nyuma ya taa paliandikwa 118.

Nikaingia ndani, nikafungua daftari. Namba 118 ilikuwa gari la daktari wa zahanati, lile lililonyofolewa taa mchana kweupe, ndani ya geti...

Geti alilokuwa analilinda mdogo wangu!

Mdogo wangu alikuwa na miezi mitatu rumande kwa ajili ya taa hizo. Geti halikuvunjwa, lilifunguliwa kutoka ndani, kwa hiyo polisi wakasema mlinzi ndiye aliyewafungulia wezi. Kila alipoulizwa ni nani, alijibu neno moja tu: "Sijui."

Nilikwenda kituoni siku ya kwanza. Alinikazia macho kama anayesubiri niseme kitu. Nikasema, mbele ya askari na mbele ya mama yetu:

"Mimi sina ndugu mwizi. Asinihesabu."

Sikurudi tena.

Nikatoka nje mbio na bisibisi yangu. Kioo cha kushoto: 96. Taa ya nyuma: 131. Kioo cha kulia: 74.

Wote wateja wangu! Hilo gari la meli lilikuwa daftari langu lililowekewa magurudumu.

"Baba Pacha, hivi vitu umevitoa wapi?"

"Si nilikwambia? Nje."

"Nje ya nchi au nje ya zahanati?"

"Mama Pacha, taa zinafanana bwana."

"Na mwandiko nao unafanana?"

Akaiangalia ile namba. Kumbe alichokuwa anaogopa ni waya alizoziunga vibaya, namba hata hakuijua. Akakaa juu ya ndoo, akashusha sauti.

"Daftari ulikuwa unaliacha mezani. Nikawa naangalia tu nani ana nini, na linalala wapi. Nzuri niliuza. Hizi zilisuguliwa vibaya, hazikuuzika, nikaona nikutengenezee na wewe gari."

"Na mdogo wangu?"

"Yule hana mke wala mtoto. Atatoka tu."

Atatoka tu!

"Ukinipeleka polisi, pacha watamwona baba yao wapi? Fikiria, mke wangu."

Nikafikiria. Siwezi kuwadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Siku mbili nzima nilipika, nilifua, nilimwekea maji ya kuoga, na ile taa nimeifungia kabatini. Niliogopa kulea watoto wawili peke yangu.

Siku ya tatu mama akapiga simu.

"Kesi ni Jumatatu. Mwanangu amekonda, hata kula hali. Wewe huji?"

Nikawapeleka pacha kwake. Nikarudi, nikairudishia taa, nikaliendesha gari lile mwenyewe hadi kituoni. Nikaweka daftari na bisibisi mbele ya askari wa zamu.

"Fungueni wenyewe muone."

Baba Pacha alikamatwa akiwa dukani kwake. Kesi ikafutwa, na Alhamisi mdogo wangu akaachiwa.

Nilimsubiri kwenye benchi nje ya geti la rumande. Alitoka na mkanda wa suruali mkononi, suruali ameishikilia isidondoke. Nilianza kulia kabla hajanifikia.

"Nisamehe. Sikujua kama ni shemeji yako."

Akasimama.

"Hukujua?"

"Haki ya Mungu sikujua!"



"Dada... alipokuja getini alisema amekuja kwa kazi yako. Kwamba namba za daktari zilikosewa, unazitaka taa uzirudie. Ningemkatalia vipi mtu uliyemtuma wewe?"

"Kwa hiyo muda wote huu..."

"Nilijua mpo wote kwenye dili. Nikasema pacha hawawezi kukosa baba na mama kwa mpigo. Nikanyamaza."

Nikamsogezea nafasi kwenye benchi. Hakukaa.

"Hata siku ile uliposema huna ndugu mwizi," akaendelea, "nilijua unawazuga askari. Nikasema moyoni, dada ana akili."

Akaanza kuvaa mkanda wake, taratibu.

"Kumbe ulikuwa unamaanisha."

Jamani mnaonisoma, ukiambiwa wa kwenu ameiba, nenda kakae naye, muulize, hata kama ushahidi wote unamnyooshea kidole. Mimi nilikuwa najua kila kioo cha mji huu kimetoka kwa nani, nikashindwa kumjua mtu tuliyenyonya ziwa moja.

Sasa hivi anakaa kwa mama. Nikienda Jumapili ananifungulia mlango, ananiamkia, anawabeba pacha. Halafu anaingia chumbani kwake, na mimi nabaki sebuleni na mama.